Mama Kitalu anajibu: utitiri anayekula utitiri

Mwezi uliopita msomaji mmoja wa Tengeru aliniuliza kwa nini mawaridi yake yanapauka majani wakati anapiga dawa kila wiki. Nilimjibu kwa mistari michache kwamba wapo utitiri wanaowinda utitiri wenzao, na kwamba bomba lake ndilo lililokuwa likiwamaliza hao wawindaji. Mistari ile imeniletea barua nyingi kuliko jambo lolote nililoandika mwaka huu. Nimechagua tano.

Kwa wasionijua: kwa miaka tisa nilikuwa skauti kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Kazi yangu ilikuwa kutembea kati ya matuta na lenzi ya mara kumi shingoni, kugeuza majani, kuhesabu nilichokiona na kukiandika kwenye karatasi ya meneja. Sasa nina kitalu nyumba changu mwenyewe cha matango na pilipili hoho, na lenzi ni ile ile.

*Shikamoo Mama Kitalu. Nalima nyanya Ngarenanyuki, ekari moja na nusu, kwa maji ya mfereji. Tangu Agosti majani yanageuka rangi ya shaba na kukauka, na kwenye ncha za mimea kuna utando kama wa buibui wenye vumbi jekundu linalotembea. Nimepiga dawa mara nne, nimebadilisha aina tatu, na ndiyo kwanza wanaongezeka. Nikipata hao utitiri wazuri, nimwage wangapi kwa ekari? (Mkulima wa nyanya, Ngarenanyuki)*

Marahaba mwanangu. Jibu langu hutalipenda: kwa nyanya zako za mwaka huu, usiwanunue.

Nakuambia hivi mimi ninayewapenda kuliko mtu yeyote unayemjua, kwa hiyo nisikilize. Mwindaji anayeuzwa sana kwenye chupa anaitwa kitaalamu Phytoseiulus persimilis. Ni hodari kweli kweli, ila ana mahali pake. Shika shina la nyanya, kisha tazama vidole vyako: ule unjano wa kijani unaonata na ile harufu kali vinatoka kwenye vinywele vidogo vyenye gundi vilivyofunika shina na majani. Mdudu wa nusu milimita akipita humo ni sawa na wewe kuvuka tope la magotini. Wengi hukwama na kufa kabla hawajala mlo wa kwanza. Halafu jua la Ngarenanyuki na upepo wake mkavu hukausha mayai yake.

Sababu ya pili ni adui mwenyewe. Rangi hiyo ya shaba na utando mzito hadi kileleni vinanifanya nimshuku utitiri mwekundu wa nyanya, Tetranychus evansi, mgeni kutoka Amerika Kusini aliyeonekana Kenya mwaka 2001. Persimilis hamli vizuri huyu. Ukimweka juu yake haongezeki, na mwindaji asiyezaa shambani ni hela iliyomwagwa. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wenzao walifika hadi Brazil kutafuta adui wake wa asili, wakampata binamu wa persimilis aitwaye Phytoseiulus longipes, ambaye humla bila shida. Kwa hiyo mtu akikushawishi ununue persimilis kwa ajili ya nyanya za uwazini, mwulize kwanza ni utitiri yupi aliye shambani mwako. Akishindwa kukujibu, okoa fedha zako.

Sasa hili la kuongezeka kila ukipiga dawa, si macho yako. Jike mmoja wa utitiri hawa hutaga mayai kama 100 katika maisha yake, na kwenye joto la nyuzi 30 yai huwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi. Hahitaji hata dume ili kuanza ukoo: mayai yasiyorutubishwa hutoa madume. Kwa uzazi wa namna hiyo, ndugu yake, utitiri mwenye madoa mawili anayesumbua maua na maharage, amekwisha kuzoea zaidi ya viambata 90 vya dawa duniani. Nawe, kama wakulima wengi wa nyanya, pengine ulianza na dawa za jamii ya pairethroidi kwa sababu ya kantangaze (kiwavi anayetoboa nyanya) au nzi weupe. Dawa hizo huua kila mwindaji aliyekuja mwenyewe bila kuitwa, na mabaki yake hukaa kwenye majani kwa wiki nyingi. Utitiri wekundu hubaki na meza iliyotandikwa, na mwenye nyumba ameondoka.

Fanya hivi wiki hii. Tembea pembezoni mwa mfereji utazame mnavu unaoota wenyewe. Mnavu ni mboga yetu na siusemi vibaya, lakini utitiri huyu anaupenda kuliko hata nyanya, na humo ndimo anamokaa wakati shamba lako halina kitu. Ung'oe wote ulio karibu na shamba, pamoja na miche ya nyanya iliyokwisha kufunikwa na utando. Iweke ndani ya mfuko papo hapo kabla hujaibeba, kwa sababu ukiiburuta katikati ya mistari unawasambaza. Mimea inayopakana na barabara ya vumbi imwagilie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi. Kama bado unahitaji dawa, iwe ya utitiri hasa, ifike chini ya jani, na usirudie kundi lile lile mara mbili mfululizo. Mwarobaini pia husaidia pale ambapo wadudu bado ni wachache. Ukikuta vidudu vyeusi vya mviringo, vidogo kama kichwa cha pini, vikitembea juu ya utando, acha sehemu hiyo bila kuipiga dawa. Hao wanakula utitiri, na hukuwalipia chochote.

*Habari za kazi Mama. Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 huko Machame, nimepanda matango. Nimeona madoadoa meupe kwenye majani ya mstari mmoja ulio karibu na mlango. Nimesoma jibu lako la mwezi uliopita nikaamua nijaribu utitiri wawindaji badala ya dawa. Nianzie wapi? Na je, naweza kuendelea na salfa kwa ajili ya ubwiri unga? (Binti wa matango, Machame)*

Mwanangu, wewe ndiye niliyekuwa nikimngoja. Tango, kitalu kilichofunikwa, mstari mmoja tu, hewa ya Machame: ungeniambia nimchagulie persimilis nyumba, ningemchagulia yako.

Kazi yake ilianzia kwenye zao kama lako, ingawa aligunduliwa kwingine. Mwaka 1958, Ujerumani, aligunduliwa kwenye maua ya okidi yaliyoletwa kutoka Chile. Hakuna aliyemwagiza. Alikuja na mizigo, akakutwa anamaliza utitiri kwenye mimea ya watafiti. Miaka tisa baadaye, 1967, mkulima wa matango wa Uholanzi, Jan Koppert, alianza kumtumia kwenye vitalu vyake, kisha akawauzia majirani, na leo kampuni yenye jina lake inauza wadudu duniani kote. Waliomfuata walikuwa wakulima waliochoka na dawa kama wewe.

Kabla hujaagiza, nenda kwenye ule mstari wa mlangoni na lenzi. Huna? Nunua, bei yake ni ndogo kuliko chupa moja ya dawa nzuri. Geuza jani lenye madoa. Utitiri mbaya utamwona ni wa manjano hafifu, amejibanza, ana madoa mawili meusi ubavuni, anakwenda polepole kama aliyeshiba. Mayai yake ni duara kamili, yanang'aa kama matone ya maji. Shika sura hiyo vizuri, maana siku ukiwamwaga wawindaji utahitaji kutofautisha. Persimilis ni wa rangi ya chungwa iliyokolea, umbo la peasi, miguu mirefu ya mbele, na hatulii. Anakimbia. Yai lake si duara, ni la mviringo kama yai la kuku, na ni kubwa karibu mara mbili ya lile la adui. Mara ya kwanza kumwona akila, nilisimama kwenye tuta moja mpaka supavaiza akaja kuniuliza kama naumwa. Alikuwa amelishika yai kwa miguu ya mbele, na taratibu ile rangi ya mwili wake ikawa inakolea kadiri yai linavyobaki ganda jeupe. Kwa siku humaliza mayai kama 20, au utitiri wakubwa watano hivi.

Hana macho. Anafika kwenye windo kwa harufu: jani la tango linaloliwa na utitiri hutoa harufu ambayo jani zima halina, naye huifuata. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walilithibitisha hilo miaka ya 1980. Nalitaja kwa sababu linakuhusu. Usijisumbue kumweka juu ya kila jani. Mweke karibu na tatizo, atalitafuta.

Idadi: kitalu chako ni mita za mraba 120. Kwetu tulikuwa tukianza na kama 6 kwa mita ya mraba pale wadudu walipokuwa wachache, na 20 au zaidi kwenye sehemu zilizokwisha kushika moto. Kwa hesabu hiyo kitalu kizima kinataka kama 720, na chupa moja ya kawaida ina 2,000, inatosha pamoja na ziada ya sehemu iliyoshika moto. Nusu ya chupa imalizie mstari wa mlangoni na mistari miwili inayoupakana, nusu ya pili itawanye kwingine kote. Kanuni tuliyofundishwa ilikuwa mwindaji mmoja kwa utitiri kumi. Ukichelewa mpaka adui awe mia kwa mmoja, hata chupa tatu hazitakuokoa, kwa hiyo agiza sasa.

Wanazalishwa Kenya, Thika na Naivasha, ambako mashamba makubwa ya mawaridi huwatumia. Viumbe hai vya namna hii huingia nchini kwa kibali, na anayesimamia ni TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu. Ungana na wenye vitalu wenzako wa Hai muagize pamoja kupitia mwagizaji mwenye kibali. Usimpe dereva wa basi chupa aivushe Namanga ndani ya begi. Nimeona chupa kama hizo zikifika zimepikwa.

Chupa ikifika, siku hiyo hiyo uitumie. Hii si dawa ya kuweka kabatini, ni mifugo iliyosafiri na haijala. Ukilazimika kungoja, ilaze mahali penye giza na ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10, si zaidi ya siku moja au mbili. Shambani kwetu, mwaka wangu wa tatu, maboksi yalifika Ijumaa jioni wakati mtunza stoo anafunga. Aliyaweka ndani ya stoo ya dawa, juu ya rafu iliyogusana na bati la ukuta wa magharibi. Jumatatu nilifungua chupa ya kwanza nikamimina kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe. Nikangoja. Vipande vya vemikulaiti, yale madini mepesi wanamosafirishwa, vilibaki vimetulia, na katikati yake vidoa vya chungwa visivyosogea. Nikafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Hakuna aliyegombezwa, kwa sababu kwenye karatasi ya mapokezi ziliandikwa kama "viuatilifu", na viuatilifu vilikaa stoo hiyo. Tangu siku hiyo kila chupa inayopita mkononi mwangu huanzia kwenye karatasi nyeupe. Wakitembea, unawapeleka. Wasipotembea, piga picha umrudishie muuzaji siku hiyo hiyo.

Kabla ya kumwaga, laza chupa na uizungushe polepole, maana hupenda kukusanyika juu karibu na kifuniko. Mwaga jioni au asubuhi mapema, juu ya majani yenye madoa. Mayai yao hunyauka unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60, hivyo mchana wa jua mwagia njia za kitalu maji. Joto likipita nyuzi 30 utawaona wameshuka majani ya chini kwenye kivuli, na adui amebaki juu anakula. Kitambaa cha kivuli upande wa magharibi kitakusaidia.

Kuhusu salfa: acha ile ya unga, inawaumiza. Mwulize muuzaji dawa ya ubwiri iliyo salama kwa utitiri wawindaji, jina kwa jina, na akuonyeshe maandishi. Na bomba lililowahi kubeba pairethroidi lisiingie tena humo, hata ukiliosha mara tatu. Kama ulipiga dawa hiyo mwezi huu, niambie lini, kabla hujatoa hata senti.

Wiki ya kwanza utaona kama hakuna kilichotokea. Tafuta yale mayai ya mviringo. Ukiyaona, wamekubali nyumba. Kwenye nyuzi 20 hukua kwa karibu nusu ya muda anaohitaji adui yake, kwa hiyo wiki ya tatu majani mapya yanatakiwa yawe yanatoka safi. Yale ya zamani yenye madoa hayaponi, usiyahesabu.

*Mama Kitalu, mimi nalima stroberi Lushoto na nafuga kuku nyuma ya nyumba. Niliposema nataka kuleta utitiri, mume wangu alikataa kabisa. Anasema tuliteseka na utitiri wa kuku mwaka juzi, watoto waliwashwa usiku kucha. Nimwambie nini? (Mama wa stroberi, Lushoto)*

Mwambie ana haki ya kuogopa, kwa sababu lugha yetu imewapa wote jina moja. Utitiri wa kuku hunyonya damu. Hujificha kwenye nyufa za banda mchana na hutoka usiku. Utitiri mwindaji wa mimea hana kinywa cha kazi hiyo. Hang'ati mtu wala kuku, hakai kwenye nguo wala kitandani, na ukimtoa kwenye mmea wenye chakula hafiki mbali. Nimewamwaga kwa mikono mitupu kwa miaka tisa, wamenitembea mpaka kwenye kiwiko, sikuwahi kupata hata upele.

Tahadhari moja ya kweli: aina nyingine za wawindaji huuzwa ndani ya pumba, pamoja na utitiri wa chakula chao. Vumbi la pumba hizo limewahi kuwaletea mafua na kikohozi cha mzio wafanyakazi wanaolitikisa kila siku. Mfunge barakoa atakayefanya kazi hiyo, na mumeo mkaribishe ashike lenzi siku hiyo. Mwache aone mwenyewe.

*Wakimaliza kula utitiri wabaya, si watageukia mimea yangu? (Msomaji, Iringa)*

Hapana. Persimilis anakula utitiri wanaosuka utando, basi. Wakiisha, hula mayai ya ndugu zake, kisha hufa njaa au huondoka, nawe utitiri wabaya wakirudi itakubidi umlete tena. Ndiyo sababu wengine tunapendelea kumchanganya na Neoseiulus californicus, ambaye anaweza kuishi kwa chavua na vidudu vingine vidogo akingoja. Anakula polepole zaidi, lakini hakimbii nyumba ikiwa tupu.

*Shikamoo dada. Mimi nalima mihogo Mkuranga, kiasi cha kula na kuuza kisamvu sokoni. Kila kiangazi majani ya juu yanakuwa madogo, yana vidoa kama yamechomwa sindano, mwisho yanapukutika na shina linabaki kama fimbo. Jirani amenipa bomba lake nipige dawa. Kijana mmoja wa mafunzo akasema nisipige, kuna utitiri mzuri kutoka Brazil. Nikamnunue wapi? (Mama wa kisamvu, Mkuranga)*

Marahaba dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kijana huyo amesema kweli, na habari njema ni kwamba huendi kununua popote. Kwa uwezekano mkubwa anaishi kwako tayari.

Kwanza tuhakikishe ugonjwa. Batobato, ugonjwa wa virusi, hukunja jani na kulitia mabaka ya manjano, huanza na kipando chenyewe na hauondoki mvua ikinyesha. Ulichokieleza wewe, vidoa vya sindano, ncha kudumaa, kupukutika kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, ni utitiri wa kijani wa mihogo. Huyu naye ni mgeni. Alionekana Uganda mwaka 1971, kutoka Amerika Kusini, na kwa miaka michache akaenea ukanda mzima wa mihogo wa Afrika, kwa sababu alikuja peke yake na adui zake akawaacha nyumbani.

Taasisi ya IITA, ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, kupitia kituo chake cha Benin, ilishirikiana na watafiti wenzao wa kilimo, CIAT ya Colombia na EMBRAPA ya Brazil, kuwatafuta hao adui. Wawindaji wa kwanza walitoka Colombia, wakaachiwa kwa mamilioni, na hakuna aina iliyoshika. Ndipo wakatafuta kaskazini mashariki mwa Brazil, kwenye ukame unaofanana na wetu. Mmoja wa waliotoka huko, Typhlodromalus aripo, aliachiwa Benin mwaka 1993, naye akakaa. Akasambazwa nchi nyingi zikiwemo Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kwenye majaribio ya Benin mizizi iliongezeka kwa karibu theluthi moja pale alipokuwepo. Mkulima hakulipa hata shilingi, na kwa sababu hakulipa, wengi hawajui kama wamewahi kusaidiwa.

Siri yake ni mahali anapolala. Mchana kutwa hukaa ndani ya ncha ya tawi, kwenye yale majani machanga ambayo bado hayajafunguka. Usiku hutoka, hushuka kwenye majani ya chini yake, huwinda, na kabla ya mchana hurudi. Utitiri wa kijani wakiwa wachache hula chavua na utomvu wa mmea, hivyo hangoji adui ndipo aishi. Anapenda zaidi mihogo yenye ncha za manyoya kuliko yenye ncha laini.

Sasa fikiria unachochuma wewe, dada. Ukienda kuchuma kisamvu cha sokoni unakata nini? Ile ncha changa, laini, isiyofunguka, kwa sababu ndiyo inayopondeka vizuri kinuni na kuiva na nazi bila uchungu. Unachuma asubuhi, yeye amekwisha kurudi kulala. Kila fungu unalofunga unampeleka kinuni. Sikuambii uache kisamvu, hicho ndicho ada ya shule na mafuta ya taa. Nakuomba ubadilishe mpangilio. Kuanzia Juni hadi mvua za vuli, katika kila mistari mitatu acha mmoja usiguswe ncha. Usichague ule wa pembeni penye mihogo dhaifu, acha mstari wa katikati wenye afya, na kama una mbegu ya ncha zenye manyoya, iache hiyo. Kwenye ile miwili chuma majani laini yanayofuata chini ya ncha, na ncha uzichume kwa zamu, si zote siku moja.

Jinsi ya kumwona: chagua mimea 30 ukivuka shamba kutoka kona hadi kona. Kwa kila mmoja funua ncha taratibu kwa kidole gumba juu ya kiganja au karatasi nyeusi, mchana. Ni mweupe hafifu kama tone dogo la maziwa, anakimbia kuelekea kwenye mkunjo kukwepa mwanga. Macho yako yakiwa hayafiki, mpe mtoto wa darasa la tano aangalie, wao huwaona upesi. Andika ncha ngapi kati ya 30 zina wakazi.

Ukikosa kabisa, uliza wenzako kijijini nani ana shamba ambalo halipukutiki sana kiangazi. Omba kwake ncha 30 au 40, ukate jioni urefu wa kidole, uzibebe kwenye mfuko wa karatasi, na uzichomeke kwenye ncha za mihogo yako usiku huo huo. Ncha iliyokatwa inaponyauka, wao huhama wenyewe. Hivyo ndivyo wataalamu walivyowasambaza pia. Lakini iwe kijiji kile kile tu, na uzikung'ute kidogo kwanza ili nzi weupe waruke, kwa maana hao ndio wabebaji wa batobato na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Usilete ncha kutoka wilaya nyingine.

Msimu ujao panda mwanzoni mwa mvua. Mihogo inayoingia kiangazi ikiwa na miezi miwili mitatu ndiyo inayoumia zaidi. Ikiwa imekwisha kuwa na mizizi na majani mengi, hustahimili mpaka mvua.

Hilo bomba usiliwashe. Dawa ikishuka juu ya ncha, anayekufa wa kwanza ni aliyelala humo, na utitiri wa kijani walioenea kwenye majani ya chini watakuwa wamebaki wengi wa kutosha kuanza upya. Zaidi ya hapo, majani hayo unayauza wiki hiyo hiyo, na kuna mtoto wa mtu atakayeyala. Mrudishie jirani bomba lake kwa shukrani, kisha nenda naye shambani mkahesabu zile ncha 30. Nitumie hesabu yenu, nitaiangalia mwenyewe.